Mama alikwenda kutolewa mtoto wa jicho, akarudishwa kwa sababu ya machozi (uzi kuhusu mfereji wa machozi ulioziba, Kigoma)

#1 Mwana wa Ujiji

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Nauandika kwa sababu miaka mitatu nimenunua dawa ya macho isiyo na kazi, na sina shaka kuna mtu Kasulu au Uvinza leo asubuhi kamtuma mtoto dukani kununua hiyohiyo.

Mama yangu yupo Ujiji, ana miaka 61, kazi yake mawese. Anakamua, anachemsha, anauza kwa madumu. Jicho lake la kushoto lilianza kutoa machozi kama mchezo. Si kulia, ni kuvuja. Kaketi anachagua mchele, chozi linashuka. Akitoka nje upepo wa ziwani ukampiga, shavu zima linalowa. Pindo la kanga halikauki. Ngozi ya chini ya jicho ikaanza kuchubuka kwa kufutwafutwa.

Kila mtu akawa na lake. Majirani walisema moshi wa mawese. Shangazi akasema kuna mtu kamkodolea. Duka la dawa likasema aleji. Zahanati moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa inatupa matone na mafuta ya kupaka bila hata kumwambia mama avue miwani. Akitumia, anatulia siku nne tano, wiki inayofuata matongotongo yanarudi, asubuhi kope zimegandana mpaka azilainishe kwa maji ya vuguvugu. Tunarudi, tunapewa chupa nyingine. Kifuniko cha rangi tofauti, basi na sisi tunaona tumepanda daraja.

Kuna jambo niliwahi kuliona nikalipuuza. Alipofariki baba mdogo, mama alilia kama walivyolia wenzake. Wanawake wote pale mkekani wanapenga kamasi, yeye anafuta pua upande wa kulia tu. Kushoto pakavu kabisa, na jicho la upande huohuo ndilo linalomwaga. Nikadhani ana mafua. Litunzeni hili, nitalirudia.

Baadaye akaanza kuona ukungu. Mtoto wa jicho, tena jicho hilohilo. Kambi ya macho ikaja mjini, gari la matangazo likapita mpaka mitaa ya kwetu, tukafika alfajiri na bado tukakuta watu arobaini na ushee mbele yetu. Akasomeshwa zile herufi ukutani, akapimwa presha, akawekewa matone ya kutanua mboni. Nikajua tayari, leo tunatoka na plasta.

Akaja kijana mmoja mpole, akaweka kidole kwenye pembe ya jicho la mama, pale linapokutana na mfupa wa pua, akabonyeza. Ukapanda usaha. Nasema usaha, wakuu, si tongotongo. Mzito, wa njano, ukachomoza kwenye kitundu kidogo cha kope ya chini kama dawa ya meno inavyotoka kwenye tyubu. Mama hakusikia hata maumivu. Miaka mitatu hakuna aliyeweka kidole pale.

Yule kijana akamfuta kwa pamba, akamwambia, "Mama yangu, leo hatukufanyii."

Mama alichukia hadi hakunisemesha njia nzima. Alijua tumeachwa kwa kuwa hatuna mtu wa kutushika mkono. Na mimi, niseme ukweli, nilidhani hivyohivyo.

Kesho yake nikarudi peke yangu kumtafuta yule kijana. Nilikwenda kugombana. Nikakaa naye dakika ishirini nikatoka nimenyamaza.

Alinieleza hivi. Jicho linatengeneza machozi muda wote, hata ukicheka. Maji hayo yana njia yake ya kutokea. Ukivuta kope yako mbele ya kioo, karibu na pua utaona kitundu kidogo kama ncha ya sindano, kimoja juu kimoja chini. Machozi yanaingia hapo, yanapita kwenye vimrija vyembamba hadi kwenye kijifuko kilicho ubavuni mwa pua, kisha yanashuka kwa mfereji uliopita ndani ya mfupa mpaka puani. Ndiyo maana ukilia kamasi zinakutoka, na ndiyo maana ukiweka dawa ya jicho unasikia uchungu wake kooni. Akaniuliza, "Mama akilia pua zote mbili zinatoka kamasi?" Nikakumbuka msiba wa baba mdogo.

Mfereji wa mama umeziba kwa chini, kwa hiyo kijifuko kimegeuka dimbwi. Maji yaliyotuama mwisho wake mnaujua nyie wa mabondeni. Matone yanaua wadudu wa juu juu, dimbwi lenyewe lipo palepale, wiki ijayo wamezaana tena.

Halafu akamalizia na kile kilichoninyamazisha. Kumtoa mtoto wa jicho ni kulifungua jicho. Ukilifungua na pembeni yake kuna mfuko wa usaha, wadudu wakapenya ndani, jicho linaweza kufa kwa siku chache tu. Kwa hiyo wanaanza na mfereji, mtoto wa jicho anasubiri. "Angefanyiwa jana," akasema, "leo ungekuja hapa kugombana kwa haki."

Nitaendelea na safari ya Mwanza na upasuaji wenyewe, naenda kupakia madumu kwanza.


#2 Fundi wa Gungu

Mkuu usitukatie utamu. Nimejibonyeza hapo hapo kwenye pembe ya jicho nikisoma. Hakijatoka kitu, alhamdulillah.


#3 Mwana wa Ujiji

Nimerudi.

Tukapewa rufaa ya Mwanza. Basi linatoka Kigoma giza bado, Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, unaanza kuhesabu vichuguu. Mama alikuwa na hamu ya kupanda kivuko cha Busisi alichokuwa anakisikia kwa watu, tukavuka kwa daraja jipya dakika chache tu, akasema amedhulumiwa ziwa.

Kule kwanza wakahakikisha. Daktari akachukua bomba la sindano lenye ncha butu, imepinda kidogo, akaiingiza kwenye kile kitundu cha kope ya chini na kusukuma maji ya chumvi polepole. Kwa mtu mzima wa afya maji yanashuka kooni, unameza. Ya mama yaliingia chini yakatokea kitundu cha juu, yamebeba usaha. Akamuuliza, "Umemeza kitu?" Mama: "Nimeze nini na wewe unanimwagia shavuni?"

Hapo ndipo nikaelewa kwamba hawauzibui mfereji wa zamani. Nilidhani wataingiza waya kama fundi bomba. Hapana. Wanauacha na kuziba kwake, wanatoboa njia mpya juu yake. Kile kijifuko na tundu la pua vimetenganishwa na mfupa mwembamba tu. Wanapasua ngozi kidogo ubavuni mwa pua, kama sentimita moja na nusu, wanausogeza msuli, wanafungua kidirisha kwenye ule mfupa, halafu wanakipasua kijifuko na kukishonea kwenye ngozi laini ya ndani ya pua. Machozi yanatoka kwenye kijifuko yanaingia puani moja kwa moja. Jina lake refu, hata wao hawalitamki, wanasema DCR.

Mama alipigwa ganzi na dawa ya kumsinzisha, si nusu kaputi. Puani walimjaza gozi yenye dawa ya kubana mishipa ili asitoke damu nyingi, maana pua ina damu kama mnavyojua. Ilichukua kama saa moja. Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema maumivu hakuna, ila alisikia mtu anamtafunia karanga kichwani. Ule ni mfupa unamegwa. Nawaambia mapema ili mzazi wenu asishtuke.

Alitoka na jicho limevimba, rangi ya zambarau chini yake, gozi puani, na kijimrija cha silikoni chembamba kama uzi wa nailoni kimepita vitundu vyote viwili kikashuka hadi puani. Kazi yake kuishikilia njia mpya isijifunge wakati kidonda kinapona. Ukimtazama karibu unaona kijikamba kinang'aa kwenye pembe ya jicho. Mjukuu wake wa miaka minne alimwambia, "Bibi una mshipi wa kuvulia jichoni," na akanyoosha mkono auvute. Tulimdaka hewani.

Sasa masharti. Usipenge kamasi wiki mbili, futa tu. Chafya ikija fungua mdomo itokee huko. Siku ya kwanza usinywe kitu cha moto, maana moto unatanua mishipa damu inaanza upya. Lala kichwa kimeinuka. Usiinamie kitu kizito. Mama yangu ni mtu wa chai inayofuka na ni mtu wa ugoro. Chai aliacha siku moja kwa manung'uniko. Ugoro daktari alipiga marufuku kabisa, mtu anayepiga chafya sita kwa mpigo hawezi kuwa na kidonda kibichi puani. Siku ya tano nikamkuta uani kajigeuzia ukutani, anafungua fundo la kanga. Tukatazamana. Nikamwomba, akanikabidhi, kisha akaniambia nimekuwa kama marehemu baba yangu.

Nyuzi za nje walizitoa baada ya wiki. Kovu sasa hivi ni mstari mwembamba, miwani inalifunika. Mrija bado upo, unatolewa baadaye. Nitaleta mrejesho.


#4 Mama Kachanga

Pole kwa mama, kaka. Mimi nipo Kasulu, nina mtoto wa miezi minne. Jicho la kulia linatoa machozi tangu ana wiki tatu, na tongotongo la njano asubuhi. Jicho lenyewe jeupe, halina wekundu. Mama mkwe ananiambia ni mfereji, sasa nimesoma hapa kuhusu mfupa kumegwa mikono inatetemeka. Mtoto wangu naye atapasuliwa?


#5 Babu wa Buhigwe

Mjukuu wangu tulia. Mtoto mdogo dawa yake ni maziwa ya mamaye, matone mawili asubuhi mawili jioni. Tumekuzwa hivyo wote na tunaona. Haya mengine ya kupasua pua ni ya watu wazima wenye hela.


#6 Nesi wa Macho

Shikamoo babu. Nipo kitengo cha macho zaidi ya miaka kumi, huku huku magharibi, naomba nichangie kwa adabu.

Dada Mama Kachanga, ondoa wasiwasi. La mtoto na la mama wa Ujiji yanafanana jina tu. Mtoto akizaliwa, chini kabisa mwa ule mfereji, unapoingilia puani, kuna kijiutando ambacho kwa kawaida hufunguka anapozaliwa au muda mfupi baadaye. Kwa baadhi kinachelewa. Kinafunguka chenyewe kadiri anavyokua, na kwa watoto wapatao 9 kati ya 10 mambo huwa yamekwisha kabla hajatimiza mwaka mmoja. Hakuna mfupa wa kumegwa hapo.

Kazi yako ni kukanda. Kata kucha, nawa mikono. Weka ncha ya kidole kwenye pembe ya ndani ya jicho, pale kijifuko kilipo, bonyeza kwa uthabiti kiasi halafu telezesha kushuka ubavuni mwa pua. Mara tano hadi kumi, kila unapomnyonyesha au walau mara tatu kwa siku. Wengi wanapapasa shavu tu wakisema wamekanda. Hapana, unataka ule msukumo wa maji ugonge utando kutoka juu. Ukiona kausaha kanapanda kupitia kitundu usiogope, futa kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa. Daktari Crigler wa Marekani alieleza ukandaji wa namna hii mwaka 1923, na mpaka leo ndio tunaofundisha kina mama. Dawa ya matone ni pale tongotongo likizidi na kwa maelekezo tu.

Akifika mwaka bado linavuja, anapelekwa kuzibuliwa: kijiwaya laini kinapitishwa mara moja, kinatoboa utando, dakika chache. Kwa kawaida analazwa usingizi kidogo ili asitikisike.

Kwa haya usisubiri hata wiki: mtoto wa chini ya mwezi mmoja anayetoa usaha mwingi na kope zimevimba, mtoto anayeuchukia mwanga, anakaza macho, au kioo cha jicho kinaonekana kikubwa au kina ukungu, maana hiyo inaweza kuwa presha ya macho ya kuzaliwa nayo, nayo hutoa machozi vilevile, uvimbe wa bluu-bluu pembeni mwa pua kwa kichanga, au pembe ya jicho imevimba, nyekundu, ina joto, mtoto ana homa. Hizo ni hospitali leo.

Babu, kuhusu maziwa. Yaliyowapata wazee wangu ni kwamba jicho lingepona lenyewe, maziwa yakapewa sifa. Tatizo letu ni kwamba leo ni maziwa, kesho jirani analeta maji ya majani, keshokutwa mkojo. Nimeshika watoto wenye kidonda kwenye kioo cha jicho kwa sababu ya majani, na lile kovu jeupe halifutiki.


#7 Babu wa Buhigwe

Marahaba binti. Mkojo sikusema mimi. Kuhusu majani nimekusikia.


#8 Fundi wa Gungu

Nesi, mimi ni fundi bomba kweli, si utani, naomba niulize kama fundi. Kama mtoto anapitishiwa waya na kwisha, kwa nini mtu mzima avunjwe mfupa? Wapitishe waya mnene zaidi.


#9 Nesi wa Macho

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu.

Kwa mtoto kilichoziba ni utando, kama gamba la juu ya maziwa. Ukitoboa, umetoboa. Kwa mtu mzima mfereji wenyewe umenywea. Umewaka ndani kwa ndani muda mrefu, kuta zikavimba, zikatengeneza makovu, zikashikana. Ukipitisha waya unachana kovu, na kovu likichanwa linajibu kwa kovu kubwa zaidi. Ndani ya miezi linarudi palepale au linazidi. Wewe bomba ukilikuta limeota kutu ndani likafunga kabisa unalifanyaje? Unalikata na kupita njia nyingine. Ndiyo DCR. Wala si jambo la kujaribiwa juzi, Mwitaliano Addeo Toti aliueleza upasuaji huu mwaka 1904, na kwa mikono yenye uzoefu, kati ya wagonjwa 10 kama 9 machozi hukoma. Siku hizi upo pia wa kupitia ndani ya pua kwa kamera, hauachi kovu usoni, ila unataka vifaa na mara nyingi daktari wa macho anashirikiana na wa pua, masikio na koo.

Kuziba huku kwa mfereji huwapata zaidi wanawake, kuanzia miaka ya arobaini kwenda juu. Moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba mfereji wao ndani ya mfupa ni mwembamba kuliko wa wanaume. Moshi wa mawese unamchokoza mama jicho, kweli, lakini si wa kupewa kesi yote.

Na jamani, si kila jicho linalovuja limeziba. Wapo wenye kope zilizogeukia ndani kwa sababu ya ugonjwa wa vikope (trakoma), zinakwaruza kioo cha jicho. Wapo wazee kope ya chini imelegea imening'inia, kitundu hakigusi tena machozi. Wapo wenye jicho kavu, usishangae, jicho likikauka linajichokoza na kumwaga maji ya hasira. Hao ukiwatoboa mfupa umewaonea bure. Ndiyo maana kuna kubonyeza, kuna kusukuma maji, kuna kuangalia kope kwanza.


#10 Mnyamwezi wa Cheyo

Nachangia kutoka Tabora. Mzee wangu yupo Urambo, mkulima wa tumbaku, kazeekea kwenye moshi wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Miaka 80 imepita, ana presha, anatumia dawa ya kuyeyusha damu kwa ajili ya moyo. Yeye naye usaha ulikuwa unatoka hivyohivyo, mara mbili kijifuko kilivimba kikawa jipu pembeni ya pua, jekundu, hawezi hata kuvaa kofia. Mara ya pili lilipasuka lenyewe likawa linatoa maji shavuni.

Yeye hawakumfanyia DCR. Daktari alituketisha akasema kwa umri huu na hiyo dawa ya damu, sitaki kuingia kwenye mfupa wa pua. Walikiondoa kijifuko chenyewe, wakafunga. Upasuaji mfupi, damu kidogo. Akatwambia wazi, machozi yatabaki, usaha hautakuwepo. Na ndivyo ilivyo. Mzee anatembea na leso mpaka leo, lakini majipu yamekwisha, na miezi kadhaa baadaye wakamtoa mtoto wa jicho salama. Sasa anatuhesabia hela yeye mwenyewe.

Nasema hili kwa sababu kuna ndugu walitulaumu, kwamba mmemtoa kijifuko na machozi bado. Tuliambiwa kabla, tukachagua.


#11 Nesi wa Macho

Umefanya vizuri kuleta hili. Kwa mtu mzima sana, au mwenye jicho kavu tayari, kukitoa kijifuko ni uamuzi halali kabisa. Na kwa kila mtu: kama unatumia aspirini au dawa ya kuyeyusha damu, sema mapema. Usiiache mwenyewe kienyeji, wala usinyamaze. Daktari ndiye aseme iachwe lini au isiachwe.

Jipu likiwa limepamba moto usiliminye wala usilitoboe nyumbani, pale ni karibu na jicho na kichwa. Unapewa antibayotiki kwanza, likitulia ndipo upasuaji unapangwa.

Nyongeza: ukitoa machozi ya damu, au uvimbe mgumu usiobonyea unaopanda juu ya usawa wa pembe ya jicho, usipange foleni ya kambi. Nenda, uvimbe wa hatari upo japo ni nadra.


#12 Boda wa Mwanga

Mimi yangu ni ajali. Nilianguka na pikipiki barabara ya kwenda Kibirizi, waya wa banda ukanichana kope ya chini pale pale kwenye pembe. Wakanishona haraka, ikapona vizuri, lakini tangu hapo jicho linalia. Miezi saba sasa. Abiria wanadhani nina huzuni.


#13 Nesi wa Macho

Pole sana kaka. Kwa maelezo yako kuna uwezekano kale kamrija ka kope ya chini kalikatwa na juu ikashonwa ngozi tu. Kidonda cha pembe ile kinatakiwa kiangaliwe na mtu wa macho mapema, siku moja au mbili za mwanzo, ili vipande viwili vya mrija viunganishwe juu ya kimrija cha silikoni. Ukishapona hivyo inakuwa ngumu zaidi, ila si kwamba hakuna la kufanya. Nenda upimwe kwa maji. Waambie na wenzako kijiweni: kope ikichanika karibu na pua, usikubali tu kushonwa na yeyote mwenye sindano.


#14 Mama Kachanga

Dada nesi, nimekanda leo mara tatu. Mara ya pili kimetoka kitu kama ulivyosema. Mama mkwe kasimama mlangoni anatikisa kichwa, mwisho akasema, "Shuka zaidi, unapapasa." Kumbe anajua.

Mwana wa Ujiji, na gharama je?


#15 Mwana wa Ujiji

Gharama sitaki kutaja tarakimu, inategemea bima na hospitali na ulifika kwa rufaa au kwa mlango wa mbele. Ulizia kwanza kama bima yako inalipia upasuaji na kama mrija ni juu yako. Kilichotula sisi ni vile visivyoandikwa kwenye risiti: nauli ya watu wawili, mahali pa kulala Mwanza, chakula, na kurudi tena kutolewa nyuzi, halafu kurudi tena kutolewa mrija. Panga safari tatu, usipange moja. Nyuzi unaweza kuomba uandikiwe zitolewe huku nyumbani, sisi hatukujua kuuliza.


#16 Mwana wa Ujiji (mrejesho)

Wakuu, wiki ya kumi na moja. Mrija umetolewa. Mama alikuwa hajalala usiku kucha kwa hofu, ikachukua muda wa kupiga chafya moja: daktari akakata kile kijikamba kwenye pembe ya jicho, akamwambia apumue kwa mdomo, akakivuta kwa puani. Mama akauliza, "Bado?" Mrija ulikuwa tayari mezani.

Wakamsukumia tena maji ya chumvi. Safari hii akakohoa, akasema, "Chumvi." Daktari akacheka, mimi ndiye niliyetokwa machozi.

Mtoto wa jicho kapangiwa mwezi ujao, jicho likiendelea kuwa safi. Pua bado inatoa magamba kidogo, anasafisha kwa maji ya chumvi aliyopewa. Ugoro kaomba kibali, kanyimwa hadi mwezi ujao upite.

Jana kapika migebuka, kaketi jikoni anakata vitunguu. Nikasikia ananiita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka. Nakimbia, namkuta kanyanyua uso, macho yote mawili yanatiririka sawasawa, na kamasi inashuka pua ya kushoto mpaka mdomoni. Hajaifuta. Ananionyesha kwa kisu, "Angalia! Angalia!" Kisha akamwita na jirani aje aone.